Mlimao wa marehemu baba una miaka 7 haujatoa hata ua, mama anataka tukate. Msaada wakuu

binti_itezi

Habari za jioni wakuu, shikamooni wakubwa wote. Niko Mbeya mjini huku Itezi, naombeni mnisaidie haraka kidogo maana mama ameshaongea na kijana wa panga aje Jumamosi na mimi moyo hautaki kabisa.

Iko hivi, mwaka 2018 baba alikua anaumwa na kitu alichokua anakipenda kuliko vyote ni chai ya limao na tangawizi, sasa siku moja akatoa mbegu kwenye kikombe akazifukia kwenye kopo la rangi, zikaota, akachagua mche mmoja akaupanda nyuma ya nyumba. Yeye alifariki mwaka uliofuata, mti ukabaki. Saa hii umeshapita bati, majani mengi, miiba mirefu kama kidole changu, lakini miaka yote hii haujawahi kutoa hata ua. Sisemi tunda, nasema ua. Mwezi uliopita mwiba ukamwingia mtoto wa dada mguuni ukavunjikia ndani, tukahangaika nae mpaka zahanati, ndo mama akasema sasa basi, tukate tuweke banda la kuku.

Niwape mazingira yote. Upande wa jua la asubuhi kuna mparachichi wetu wa kienyeji, mkubwa sana. Upande wa pili kuna zizi la ng'ombe wawili kwa hiyo samadi pale haijawahi kukosa. Maji ya vyombo na ya kufulia yote tunamwaga pale, kiangazi na masika. Majani mengine hasa ya juu yana kama vipele, yamevimba juu na kwa chini yamebonyea, mengine yameanza unjano. Mjomba anasema huo ni mlimao dume. Kuna mlimao dume kweli?

Na mama ana hoja ambayo nimeshindwa kuijibu, anasema hata ukizaa malimao ya nini, ukienda Tukuyu unayakuta yamedondoka yanaoza chini watu wanapita tu. Kwa hiyo nauliza, tukate au tusikate, na kama tusikate mimi mama nimwambie nini?

kitalu_uyole

Pole sana dada kwa mzee na pole kwa mtoto. Usikate. Mimi nazalisha miche huku Uyole na hili swali naulizwa karibu kila wiki.

Hakuna mlimao dume, habari ya dume na jike ni ya mpapai. Mlimao mmoja ukiwa peke yake unazaa bila mwenzake. Shida ya huo wa kwako ni kwamba ulitoka kwenye mbegu, na mti wa mbegu una utoto wake kama binadamu tu. Hiyo miiba mirefu ndo dalili yenyewe ya utoto. Kadri unavyokwenda juu na kuongeza matawi ndo unakomaa, na utakuja kuona matawi ya juu kabisa yanaanza kuwa na miiba mifupi, na maua ya kwanza yatatokea huko huko juu. Sasa jiulize kama mmekua mnaukata kilele usizidi bati, maana kila ukikata kilele unaurudisha nyuma. Sehemu za joto mlimao wa mbegu unaweza kuzaa miaka 4 au 5, lakini Mbeya tuko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na jamii ya machungwa ikipata baridi chini ya nyuzi 13 inakaa tu haikui. Mwezi wa 6 na wa 7 huku tunajuana wenyewe. Kwa hiyo miaka 7 kwa mti wa mbegu hapa kwetu sio ajabu kabisa.

Halafu nyie wenyewe mmeuchelewesha zaidi, naomba nisieleweke vibaya. Mlimao unataka jua la masaa 6 na kuendelea, wa kwenu umefichwa na parachichi. Samadi ikizidi mti unashiba naitrojeni unatoa majani tu, unaona raha ya kukua, ya kuzaa ya nini. Na maji, hili watu wengi hawalijui, mlimao unahitaji kukauka kidogo ndo ushtuke utoe maua. Mti ambao haujamwagiwa kuanzia mwezi wa 7 mpaka wa 9, mvua ya kwanza ya mwezi wa 11 ikigonga tu unaona vitumba vyeupe na vingine vina rangi ya zambarau. Wa kwenu kila siku kwake ni masika.

Njia ya mkato ipo, ni kubebesha. Unachukua kikonyo, yaani kijitawi, kutoka mlimao ambao unazaa tayari, unaweka jicho lake (pale panapochipukia) kwenye tawi la mti wako, hilo jicho limeshakua mtu mzima kwa hiyo mwaka mmoja na nusu au miwili unaona matunda. Lakini sio sasa hivi, subiri gome lianze kubanduka vizuri, hiyo ni mvua zikishaanza.

mzee_wa_vwawa

Binti yangu pole. Sisi zamani mti usiozaa tunaupigilia misumari mitatu minne kwenye shina, au unalichanja gome kwa panga huku unauambia mwaka huu usipozaa nakukata. Mwembe wa babu yangu ulizaa baada ya kufanyiwa hivyo, nimeona kwa macho yangu. Jaribu kabla ya hiyo Jumamosi.

kitalu_uyole

Mzee wangu shikamoo. Uliyoyaona siyapingi, kuna sababu yake. Ukijeruhi gome sukari inayotengenezwa na majani inashindwa kushuka kwenye mizizi, inabaki juu, na mti uliokomaa ukipata sukari nyingi juu unaweza kutoa maua. Lakini huu bado mtoto, hata umchanje hana maua ya kutoa. Na kwenye jamii ya machungwa kidonda cha shinani ndo mlango wa ule ugonjwa wa kutoa gundi, utomvu unachuruzika, gome linaoza, mizizi inafuata. Hasa huu unaomwagiwa maji kila siku. Dada misumari usiguse.

mama_makambako

Kamwene wadau. Mimi niko Makambako, nimepoteza milimao miwili kwa sakitu, ile barafu ya usiku, kwa hiyo naongea kwa uchungu. Kwenye ukoo wa machungwa mlimao na mndimu ndo dhaifu kwa baridi, mchungwa unavumilia zaidi. Usiku ukishuka chini ya sifuri, ikifika hasi 2 hivi majani yanakua kama yamechemshwa, asubuhi jua likiwaka yanakauka yote. Sasa kosa nililofanya ni kwamba wa kwanza nilivyoona matawi yamekauka nikachukua mkasi nikakata siku ile ile, kumbe nusu yake yalikua hai. Subiri mpaka machipukizi yatoke ndo ujue lipi limekufa.

Wa tatu nimeupanda umeegemea ukuta wa tofali za kuchoma upande unaopigwa na jua la mchana, ule ukuta unatunza joto unalitoa usiku, na mwezi wa 6 nikiona jioni mbingu nyeupe haina wingu na upepo umetulia najua leo kuna kazi, naufunika na shuka la zamani juu ya fito tatu lisigusane na majani. Umeshazaa mara mbili. Dada wewe Itezi huna sakitu kama ya huku kwa hiyo shukuru, na ukuta wa nyumba unao. Jua tu ndo huna, toa hilo parachichi!

matema_kwetu

Kwetu Kyela mlimao hauna maneno mengi, joto lipo, unapanda unasahau. Ila niwaambie kitu, malimao ya kwetu yanaiva yakiwa bado ya kijani maana ili limao liwe la njano linataka usiku wa baridi. Watu wa Mbeya wakija wanasema haya mabichi, ukikamua maji yanajaa glasi. Usipime limao kwa rangi, libonyeze, likiwa linabonyea kidogo na ngozi imelainika hilo tayari.

Dada ukija huku kikonyo nakupa bure.

ugani_mstaafu

Habari za asubuhi. Nimefanya kazi ya ugani Rungwe na Ileje mpaka nimestaafu. Yaliyosemwa hapo juu kuhusu utoto wa mti, kivuli na maji nayaunga mkono. Lakini naona wote mmekimbilia kwenye kuzaa na kubebesha, na binti ametaja vipele kwenye majani halafu mmevipita. Hapo ndipo pa kuanzia. Tena bwana wa Kyela ana moyo mzuri, ila vikonyo vya bure ndiyo njia moja kubwa ya kusambaza ugonjwa wa michungwa, tusipokuwa waangalifu.

Binti, jani lililovimba juu na kubonyea chini ni alama ya kidudu kidogo cha kama milimita 4, chenye mabawa ya kupitisha mwanga, kikitulia kwenye jani utaona kimeinua sehemu ya nyuma juu. Wataalamu wanakiita Trioza erytreae. Watoto wake wanakaa ndani ya vile vishimo chini ya jani kama magamba madogo ya njano, wakishaondoka kishimo kinabaki. Kinapenda sehemu za baridi na unyevu kama zetu, na katika jamii nzima ya machungwa kinaupenda mlimao sana. Vishimo vyenyewe haviui mti. Shida ni kwamba kidudu hiki kinaweza kubeba bakteria wa ugonjwa unaoitwa griningi. Huu wa kwetu wa Afrika nao unapenda baridi, kwenye joto la nyuzi 30 na zaidi dalili zake zinafifia, ndiyo maana ni tatizo la milimani kuliko bondeni. Mti ukishaupata hakuna dawa. Matunda yanakuwa madogo, yamepinda upande mmoja, mbegu zimesinyaa, yanachelewa kubadilika rangi na ladha yake ni chungu ya ajabu. Ukibebesha juu ya mti wenye griningi umepoteza kikonyo na muda, na ukitoa kikonyo kwenye mti wenye griningi umempelekea jirani ugonjwa.

Sasa usiogope bado, kwa sababu unjano una sababu nyingi. Chukua kalamu ya wino. Chuma majani kama 20 yenye unjano kutoka pande zote za mti. Kila jani lina mshipa wa katikati. Chora duara upande wa kushoto mahali palipo na njano, halafu chora duara lingine upande wa kulia mahali pale pale, kama kioo. Kama njano ya kushoto inafanana na ya kulia, huo ni upungufu wa chakula. Kama kushoto ni njano na kulia ni kijani, mabaka yamekaa ovyo hayafuati mpangilio, hapo tuna wasiwasi wa griningi. Fanya hivyo halafu urudi utuambie. Na utuambie kama kuna kitu kingine chochote mnachomwaga kwenye shina zaidi ya maji na samadi.

binti_itezi

Asanteni sana jamani, nimesoma yote na nimemsomea mama. Kuhusu kilele ndio, kila mwaka kaka alikua anakata ili usiguse waya wa umeme. Sikujua kabisa.

Mzee wangu wa ugani nimefanya ile ya kalamu leo mchana. Nimechuma majani 20, 18 yanafanana kushoto na kulia, mishipa imebaki kijani na katikati ya mishipa ndo njano, na hayo majani ni madogo membamba yamesimama kama yamebanana pamoja kwenye ncha. Mawili sijaelewa vizuri, yana vishimo vingi sana mpaka njano imekaa kuzunguka vishimo. Wale watoto wa njano nimewaona kwa chini, kweli wapo.

Kingine tunachomwaga ni majivu. Tunapikia kuni, majivu yote ya jikoni miaka yote mama anamwaga pale shinani, alisema yanafukuza siafu.

ugani_mstaafu

Majivu! Asante binti, umejibu swali lote.

Majivu yanapandisha udongo kuelekea upande wa chokaa. Mlimao unapenda udongo wenye uchachu kidogo, pH ya 5.5 mpaka 6.5 hivi unakaa vizuri. Ukipandisha sana, zinki inakuwepo udongoni lakini mizizi haiwezi kuichukua, na samadi nyingi kwa sababu ya fosforasi yake inaongeza tatizo hilo hilo. Jani dogo jembamba, limesimama, mishipa ya kijani na njano katikati, majani yamebanana kwenye ncha ya tawi, hiyo ndiyo picha ya njaa ya zinki. Kwa maelezo yako sioni griningi hapo. Hayo mawili yenye vishimo yaangalie tena kwenye majani mapya, kwa sababu jani lenye vishimo vingi linaweza kuwa na njano ya jeraha tu.

Acha majivu kuanzia leo, yapelekeni kwenye migomba. Samadi isogezeni mbali, na ile iliyorundikana imegusa gome iondoeni, shina linatakiwa lionekane mpaka pale linapoingia ardhini. Nenda duka la pembejeo uulize busta, mbolea ya kupulizia majani, yenye zinki na manganizi, fuata kipimo cha kwenye lebo, piga asubuhi au jioni mti ukianza kutoa majani machanga maana jani changa ndilo linalonyonya vizuri. Udongo utarudi wenyewe taratibu, mvua za huku ni nyingi.

Kwa wale wadudu, ncha zenye majani machanga yaliyojaa vishimo kata uchome moto, usiyatupe pembeni. Majani mapya yakitoka kagua kila wiki, wakizidi piga dawa ya mwarobaini chini ya majani, huko ndiko wanakokaa. Kuna vinyigu vidogo sana ambavyo vinawala hawa wadudu, ukipiga dawa kali ovyo unaviua hivyo kwanza. Na maua yakitoka usipige dawa yoyote, nyuki wako kazini.

kitalu_uyole

Mzee ametufundisha wote, mimi mwenyewe hiyo ya kalamu nilikua siijui, kesho napita nayo kwenye miti yangu ninayotolea vikonyo.

Dada kuna kitu nataka kukwambia ambacho sikukisema mwanzo. Mbegu ya limao haifanani na ya embe la kisasa au parachichi ambapo ukipanda hujui utapata nini. Mbegu moja ya limao mara nyingi ina viinitete zaidi ya kimoja, ndo maana unafukia mbegu moja zinaota shina mbili tatu, na miche mingi inakua nakala ya mama yake. Maana yake huo mti una nafasi kubwa ukizaa kutoa limao lile lile ambalo mzee alikua anaweka kwenye chai. Kwa hiyo sikushauri tena tuubebeshe mti mzima. Acha kilele chake kiende juu, kipate jua, kisikatwe, kama waya wa umeme uko karibu elekeza matawi upande mwingine kwa kuyavuta na kamba. Halafu matawi mawili ya chini, yale yanayochoma watoto, ndo tuyabebeshe mwezi wa 11 au wa 12. Unapata matunda ya haraka chini na ya mzee juu, mti mmoja. Miiba mirefu ya chini unaweza kuikata ncha kwa mkasi hata leo, haidhuru mti.

Nailoni ya kufungia jicho, ile mifuko myembamba ya barafu za watoto inatosha kabisa, ukate vipande. Wiki tatu unafungua, jicho likiwa kijani limeshika, likiwa kahawia unarudia. Na shina likibaki wazi baada ya kupunguza parachichi lipake chokaa nyeupe jua lisiliunguze.

chachu_ya_iringa

Naomba nijibu la mama sasa maana naona wanaume wote mmelikwepa. Malimao ya nini.

Mimi niko Iringa Kihesa, nina milimao mitatu na huwa siuzi limao bichi hata moja maana kwa limao bichi mama yuko sahihi, msimu ukifika kila mtu analo na bei inakua aibu. Limao linataka ulitunze mpaka kwenye mwezi ambao halipo.

Kitu cha kwanza natengeneza ni achari. Kilo moja ya malimao nayaosha, nayachana manne bila kuyaachanisha, chumvi gramu 100 mpaka 150, naijaza ndani, napanga kwenye chupa ya kioo ya mdomo mpana, nakandamiza mpaka maji yake yenyewe yayafunike. Yasipofunikwa naongeza maji ya limao, sio maji ya bomba, maana kipande kikibaki juu ya maji ndo ukungu unaanzia hapo. Juani siku kama 10, kiangazi cha huku jua lipo na hewa kavu, kila siku natikisa chupa. Ganda likilainika naweka pilipili kichaa, bizari na mafuta ya alizeti ya moto yaliyopoa kidogo. Na yale malimao ya kienyeji yenye ganda nene la mabonde mabonde ambayo watu wanayadharau ndo mazuri kuliko yote kwenye achari kwa sababu ganda ndo linaliwa. Hii inakaa miezi.

Kitu cha pili ni sharubati. Sukari kilo 1 na maji nusu lita chemsha mpaka iyeyuke, ipua, IPOE, ndo uweke lita 1 ya maji ya limao yaliyochujwa. Ukiyachemsha pamoja ladha ya limao inakufa. Usiweke limao lenye ganda kwenye blenda, mbegu na ile nyama nyeupe vinaleta uchungu. Na usikae nayo kwenye sufuria ya alumini, uchachu unakula sufuria, tumia kioo au plastiki ya chakula au stili. Wasio na friji watengeneze kidogo kidogo.

Halafu ya kila siku sasa. Uji wa ulezi ukishauipua ndo unakamulia limao, ukiwa jikoni unaharibu. Parachichi ukishalikata ukalipaka limao halibadiliki rangi haraka, na Mbeya kwa maparachichi mliyonayo hili ni muhimu. Maharage na mboga za majani zina madini ya chuma ambayo mwili unayachukua kwa shida, ukikamulia limao wakati wa kula vitamini C inasaidia mwili kuyachukua, kwa hiyo mjamzito na watoto waliokwisha anza kula muwakamulie. Usipa wa Kyela bila limao mimi siuli.

Ila tusidanganyane, kuna watu wanauza maneno kwamba limao linatibu kila kitu. Halitibu malaria, halitibu kisukari, na mwenye vidonda vya tumbo linamuumiza. Chai ya limao na asali inalainisha koo tu, na mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa. Na mabinti wanaojipaka limao usoni halafu wanatoka juani waache, dada yangu mwenyewe aliungua mabaka meusi shingoni yakakaa karibu mwaka.

Mwambie mama yako shikamoo yake, na mwambie wa Iringa amesema mti mmoja ukizaa vizuri unampa chupa za achari za kutosha kununua vifaranga vya hilo banda.

mzee_wa_vwawa

Mimi nimesoma mpaka mwisho. Misumari naondoa kauli. Ila wangu wa nyumbani una miaka 12 unazaa malimao madogo yamepinda, kesho naingia na kalamu.

ugani_mstaafu

Mzee mwenzangu, hayo yaliyopinda kata kwa urefu uangalie mbegu pia. Kama zimesinyaa zimekuwa nyeusi, na majani nayo yana mabaka yasiyofanana, usimpe mtu kikonyo wala mbegu, peleka tawi lenye majani na matunda kwa afisa ugani wa kata au TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, wakuangalizie. Usiung'oe kabla hawajakuambia.

binti_itezi

Nawarudishia mrejesho. Ndaga fijo, asanteni sana wote, na shikamoo ya mama wa Iringa imefika, mama ameitikia na amecheka ile ya vifaranga, ila alichokua kimya nacho ni pale niliposoma kwamba limao litakua lile lile la baba. Aliniambia rudia hapo, nikarudia, akaingia ndani.

Jumamosi kijana wa panga amekuja kweli. Amekata matawi manne ya mparachichi upande wa mashariki, jua la saa 3 sasa linafika mpaka shinani. Samadi tumeisogeza, chini ya ile iliyogusa gome kulikua kumeanza kulowa lakini halijaoza. Majivu mama ameyapeleka kwenye migomba mwenyewe. Miiba ya chini nimeikata ncha, beseni zima. Kaka amevuta kilele na kamba kuelekea upande wa zizi, kimeachana na waya. Maji ya kufulia tunamwaga kwenye mtaro mpaka mvua.

Swali la mwisho kwa kitalu_uyole, hayo matawi mawili ya chini nisiyaguse kabisa mpaka mwezi wa 11 au niyapunguze kwanza?

kitalu_uyole

Usiyaguse. Jicho linataka tawi la unene wa kalamu mpaka kidole lenye maji mengi, ukipunguza sasa yatatoa machipukizi ya kubahatisha na wale wadudu watayashambulia. Mvua mbili tatu zikinyesha, jaribu kubandua gome kidogo na ncha ya kisu, likiachia kama ganda la ndizi unanitafuta hapa hapa. Mimi nitakuja na vikonyo ambavyo vimeshapita mtihani wa kalamu.

binti_itezi

Sawa kaka. Mama anasema ukija utakuta chai.